Mita Kumi na Mbili kwa Mwalimu Magesa

Neema, Ijumaa ile niliyostaafu na kukukabidhi funguo za banda uliniuliza kama kuna jambo ambalo sijakuambia. Nikakujibu kwamba sindano ziko kwenye kopo la maziwa ya unga na kwamba cherehani haipendi mafuta mengi. Nilipofika nyumbani nikaona nimekujibu kivivu. Sasa sina pa kuwahi asubuhi, nina daftari jipya na kikombe cha chai ambacho hakuna wa kunifanya nikiache kipoe, basi nakuandikia wewe na wenzako mliobaki pale ufukweni. Habari za nani alipandishwa cheo na lini sitaziandika. Kituo chetu kilikuwa na vyeo vitatu tu, na kimoja kilikuwa cha mlinzi.

Kabla ya kuzijua kaiti nilikuwa nashona sare za shule Kirumba, hapa Mwanza, kwenye baraza ya nyumba ya shangazi yangu, upande ambao upepo ukitoka sokoni Mwaloni unaleta harufu ya dagaa moja kwa moja. Watoto wengi wa kata ile walianza darasa la kwanza wakinukia dagaa, na kosa lilikuwa langu. Siku moja akaja Bwana Rashidi, ambaye familia yake imeuza maturubai mjini tangu enzi za babu yake, amekumbatia furushi la kitambaa chekundu chepesi. Akaniambia amefungua kituo cha michezo ya majini huko mbele ya Pasiansi, mahali ambapo mtu anasimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara kubwa iitwayo kaiti. Nilimwonea huruma. Nilidhani wajanja wa mjini wamempata.

Kaiti ile ilikuwa imechanika urefu wa mkono mzima. Nami nilikuwa fundi mwenye majivuno, sare zangu zilirithiwa na wadogo watatu bila kufumuka, kwa hiyo nikashona kwa mishono midogo midogo, mistari miwili, nikaongeza wa tatu kwa ajili ya uzuri. Kesho yake jioni ikarudi imechanika palepale, safari hii imenyooka kana kwamba nimeikata kwa mkasi. Aliyeileta alikuwa mwanamume mrefu mwenye kifua kipana, suruali ameikunja hadi magotini, miguu imejaa mchanga. Akajitambulisha kuwa ndiye anayefundisha kule kituoni, jina lake Magesa.

Nilijiandaa kugombezwa. Yeye akatandaza kitambaa mezani, akakipapasa, akasema nimeshona vizuri mno na hilo ndilo tatizo. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na matundu yakikaribiana kitambaa kinapata njia ya kuchanikia, kama karatasi ya stempu. Akanionyesha: kwanza bandika utepe wenye gundi pande zote mbili, halafu shona zigizaga ndefu, mishono michache. Alikuwa amekulia kwenye uvuvi kule Majita, ameziba nyavu na matanga tangu utotoni, na kaiti alifundishwa na mgeni mmoja aliyekaa ziwani misimu miwili kisha akaondoka na kumwachia vifaa vyake vyote. Hakuniambia hata mara moja kwamba mimi sijui kazi. Tangu siku hiyo nikamwita Mwalimu, ingawa nilimzidi umri kwa mwaka mmoja.

Miezi miwili baadaye Bwana Rashidi akaniomba nihamishie cherehani kwenye banda la kituo. Siku ya kwanza nilivaa kitenge changu cha kutokea, nikakaa juu ya ndoo nikisubiri kazi. Mwalimu akasema nisiguse sindano kwanza, kwa sababu huwezi kumshonea mtu suruali kama hujawahi kuona miguu. Akaujaza upepo kwa pampu ule mrija mnene wa mbele, kitambaa kikajipinda na kusimama. Akanionyesha kamba nne zinazotoka kwenye kaiti hadi kwenye mpini anaoushika mtu, na jinsi mpini unavyonasa kwenye ndoano ya ule mkanda mpana wa kiunoni. Mvuto wote unabebwa na kiuno, akasema, mikono kazi yake ni kuongoza tu. Nikaitikia kwamba nimeelewa. Akanipa mpini wa kaiti ndogo ya mazoezi, nami nikauvuta kwa nguvu zangu zote kama ninayeteka maji kisimani, kaiti ikapaa, ikageuka, ikatua katikati ya dagaa walioanikwa na akina mama. Hakuna shule ya uvumilivu kama kuokota dagaa mmoja mmoja huku mwenye dagaa amesimama kichwani pako. Akina mama wale waliziita kaiti zetu miamvuli, na mimi, Mama Kulwa, nikawa Mama Miamvuli mpaka nilipostaafu.

Upepo nao nilifundishwa na yeye. Wa asubuhi unatoka nchi kavu, usimruhusu mwanafunzi hata awe ameomba vipi, maana utamsindikiza hadi katikati ya ziwa na kumwacha huko. Wa ziwani unaanza kuingia kama saa saba mchana, na huo ndio wa kazi. Msimu wa mvua mkiona wingu jeusi linainuka upande wa Ukerewe, shusheni kila kitu, na mgeni akibisha kwamba amelipia saa nzima, mshusheni na yeye. Magugu maji yakisogea ufukweni msimwingize mtu, kwa sababu kamba zikinasa humo mtakuja kuzikata, na kamba zikikatwa mtu wa kuzishona hayupo tena.

Kazi ya kuchagua saizi ilinijia kwa bahati, kwa sababu meza yangu ndiyo iliyokuwa mlangoni. Mnajua kaiti hupimwa kwa mita za mraba: saba, tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Upepo mkali au mtu mwepesi, kaiti ndogo. Upepo mdogo au mtu mzito, kaiti kubwa. Mwalimu alinipa hesabu yake: chukua kilo za mtu, zidisha kwa mbili na kidogo, gawa kwa namba inayosomwa na kipima upepo, unachopata ndizo mita. Mtu wa kilo themanini na nane, upepo ukisoma kumi na sita, anapewa kumi na mbili. Hesabu yenyewe haina shida hata kidogo, shida iko kwenye kilo.

Miaka yote ile hatukuwa na mizani. Mtu alifika mezani, nikamwuliza uzito wake, nikaandika. Wageni kutoka Ulaya, wake kwa waume, walipunguza kilo. Watu wetu waliongeza. Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumpa habari njema, na mtu akikonda mtaa humaliza uchunguzi kabla ya daktari, na jibu la mtaa huwa ni lilelile moja. Nani basi atasimama mbele ya wenzake aseme ana kilo hamsini? Mgeni aliyepunguza alipewa kaiti ndogo, akakaa majini haendi popote, akalilaumu ziwa. Mwenyeji aliyeongeza alipewa kubwa, na huyo ndiye aliyekuwa hatarini.

Nilijifunza hilo kwa karani mmoja wa benki aliyekuwa amebakiza wiki chache aolewe. Akaniambia kilo sabini bila kupepesa. Jicho langu la fundi, ambalo limepima viuno vya kata nzima, likaniambia hamsini na mbili. Lakini mimi ni nani nimbishie bibi harusi mbele ya mchumba wake? Tukampa mita tisa. Kaiti ikamvuta akiwa amekaa, anachora mfereji mchangani kuelekea kwenye mawe, mpaka mlinzi akajirusha na kumkumbatia miguu. Yeye alicheka sana. Mimi sikucheka. Kuanzia hapo nikawa naandika namba mbili: kwa wino kilo alizonitajia mtu, na kwa penseli kilo ambazo jicho langu lilisema. Kaiti ilifuata penseli. Hakuna mteja aliyewahi kuijua ile penseli, ila Mwalimu aliijua, na alipenda kusema imeokoa watu wengi kuliko majaketi ya kuelea.

Mwalimu peke yake hakuwa na namba ya penseli. Ukurasa wake ulisema themanini na nane kwa wino, basi. Ninyi mnamjua Mwalimu Magesa mwembamba, mimi nilianza na yule wa kilo themanini na nane, aliyekuwa akipita mlangoni banda linaingia giza. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya yanayofuata. Akasema niandike tu, ila nisimpunguzie kilo.

Alikuwa na desturi yake: kaiti mpya haiguswi na mwanafunzi kabla hajairusha yeye. Akitoka majini anakuja mezani kwangu akidondosha maji kwenye vitambaa vyangu, ananieleza tabia yake kama anayeeleza mkwe. Hii ina hasira ikianza. Hii ni mvivu kugeuka. Hii inasamehe. Nami nikaandika kwenye utepe na kuubandika kwenye mfuko wake. Mkikuta mfuko umeandikwa INASAMEHE, mwandiko ni wangu, maneno ni yake, na mpeni anayeanza. Mkewe alikuwa analima Sengerema, kwa hiyo kila Jumamosi Mwalimu alivuka kwa kivuko kwenda kwake, na Jumatatu akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo. Tulikula pamoja saa sita, kabla upepo haujaingia, yeye akinicheka kwamba ninatafuna kwa vipimo. Nilimpenda mtu yule kama ndugu wa tumbo moja na sikuwahi kumwambia. Tulikuwa na mengine ya kuongea.

Kiangazi kimoja akaniletea mkanda wake wa kiunoni. Akasema unacheza, nipunguze kidogo. Nikaufumua, nikaondoa upana wa vidole vitatu, nikashona. Baada ya mwezi na nusu akaurudisha, nikaondoa vidole vinne. Nilishaona shingo yake inavyozunguka ndani ya kola. Nilishaona anavyokunywa maji, chupa juu ya chupa, na anavyokwenda nyuma ya banda kila baada ya muda mfupi, akisingizia joto. Mara ya tatu alipouweka mezani nikaona jambo jingine. Mikanda ile ina kamba za kukaza kila upande, na kamba zake zilikuwa hazijavutwa hata nusu. Hakuhitaji fundi hata kidogo. Nikajiambia pengine hataki ncha za kamba zining'inie watu wakaona zilivyorefuka. Nikashona, nikamrudishia, akanishukuru, akakaa kidogo pale mezani bila sababu, kisha akaondoka.

Mtaniuliza kwa nini sikusema kitu. Shangazi yangu aliyenifundisha kushona alinipa sheria moja tu: fundi hana mdomo kuhusu mwili wa mteja. Binti akija na sare anataka ilegezwe kiunoni, unalegeza, na mama yake atajua siku atakayojua. Funika kombe mwanaharamu apite. Ni sheria nzuri kwa sare za shule. Lakini nisiifiche nafsi yangu nyuma ya shangazi. Niliogopa. Jibu la mtaa lilikuwa limekaa kichwani mwangu, na nilihisi nikimwuliza atalitamka, na likishatamkwa sitajua niweke wapi uso wangu. Ile methali ya mficha maradhi kila mtu wa Mwanza anaijua, tunaisema sana kwenye misiba.

Basi zikaja kaiti mpya. Bwana Rashidi alitaka kubadilisha karibu zote tulizokuwa nazo, na wauzaji wakamletea mbili za aina mpya azijaribu kabla ya kuagiza zaidi, moja ya mita tisa na nyingine ya kumi na mbili, zote rangi ya chungwa. Habari zilisambaa. Siku ya majaribio ufukwe ulijaa: wanafunzi wetu, wageni wa hoteli, akina mama wa dagaa waliokuja kuangalia mwamvuli mpya. Saa nane kipima upepo kilisoma kumi na sita, tena kikipanda. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Mwalimu. Wino ulisema themanini na nane. Nikamtazama akija kutoka banda la nguo, nikashika penseli, na jicho langu likaniambia sitini na sita. Hesabu ya sitini na sita kwa upepo ule ni mita tisa. Niliifanya hesabu ile kichwani, nataka mjue hivyo, sikukosea hesabu.

Kaiti zote mbili nilikuwa nimezijaza upepo.

"Mwalimu," nikamwambia, "na hii tisa iko tayari."

"Tisa ya nini?" akasema, kwa sauti ya kusikiwa na watu. "Mimi ni mtu wa kumi na mbili."

Lakini hakuondoka. Alisimama pale na mpini mkononi, ananitazama mimi, siyo kaiti, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie alichokianza. Watu walikuwa wengi. Nikainamia daftari, nikaandika kumi na mbili kwa wino.

Kwa muda alikwenda vizuri, anakata maji kulia na kushoto, watu wanapiga makofi. Halafu upepo ukaongezeka ghafla. Mtu wa kilo themanini na nane angechuchumaa, akakaza kisigino, ukampita. Yeye aliinuliwa juu kuliko paa la banda, akaning'inia, akasogezwa kuelekea ufukweni kwenye yale mawe makubwa ya upande wa kushoto. Alipoanguka alitua bega likitangulia, na kaiti ikaendelea kumburuta kwenye maji ya magotini kwa sababu kile kifyatuo cha kuiachia alichelewa kukipiga. Mkono ulikuwa hauna nguvu. Mimi na mlinzi tulikimbia na nguo zetu. Nilipomwinua kichwa akafumbua macho, akaniambia kaiti ni nzuri, ila inavuta.

Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Hospitalini, kabla ya dawa, muuguzi alimpandisha kwenye mizani huku tumemshika, akasoma sitini na nne. Wakachukua damu. Jioni daktari akaja kutuambia kwamba mifupa itaunga, ila sukari imepanda kiasi kwamba angekaa mwezi mmoja au miwili zaidi bila tiba, angeanguka tu, iwe nyumbani au kwenye kivuko. Halikuwa lile jibu la mtaa, haukuwa ukimwi. Nilisimama kwenye korido nimeshika mkanda wake uliolowa, wenye mishono yangu mara tatu, nikafurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilinitoa machozi.

Jumatatu nilimkuta Bwana Rashidi amezifunga kaiti zile mbili kwenye mifuko yake. Alikuwa ameandika barua kwa wauzaji kwamba aina hii ni ya hatari, inainua mtu mzoefu bila onyo, anazirudisha na haagizi nyingine. Tutaendelea na zetu za zamani. Akanisogezea barua niweke sahihi yangu kama shahidi, kwa vile daftari la siku ile ni langu, na kweli daftari lilisema themanini na nane na kumi na mbili, yote kwa wino, yote sawasawa.

Neema, ilikuwa rahisi sana. Kaiti haina ndugu wa kuja kuitetea. Ningeweka sahihi, mambo yangeisha, na mimi ningebaki fundi mwenye siri za wateja. Lakini niliona kitakachofuata. Mwalimu angepona bega, angerudi, angechukua kumi na mbili ya zamani kutoka kwenye kigingi chake, na sote tungeendelea kumhesabu kama wa zamani, kwa sababu karatasi ingesema kosa lilikuwa la kitambaa.

"Kaiti haina kosa, Bwana Rashidi," nikasema. "Saizi ndiyo iliyokosewa. Niliitoa mimi, na nilijua."

Nikamweleza yote: mkanda, vidole vitatu, vidole vinne, penseli. Nilikuwa tayari kufungasha cherehani yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua barua, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa kama kidonge. Akasema baba yake alikonda mbele ya macho ya watoto sita na hakuna aliyemwuliza, kila mmoja akidhani mwenzake ameshauliza. Kisha akataka kujua mizani inauzwa wapi.

Ndiyo ile mnayoitumia, ya jukwaa, ya aina ya zile za kupimia sangara. Sheria ikawa hakuna kuulizwa uzito, kila mtu anapanda. Sheria ni kitu kimoja na watu ni kingine. Kwa wiki nyingi wanafunzi wetu waliizunguka kama shimo. Mmoja akaniambia yeye si samaki. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana udhuru nyumbani. Ilikuwa imefika mahali Bwana Rashidi anafikiria kuiweka nyuma ya pazia.

Mwalimu alirudi baada ya karibu miezi mitatu, daktari ameshamruhusu kuingia majini, mfukoni ana pipi kwa ajili ya sukari ikishuka ghafla. Alikuta wanafunzi wamejipanga mbali na mizani. Akavua shati mbele yao wote, mbavu zikaonekana, akapanda, akaniambia nisome. Nikasoma sitini na nane kwa sauti ndogo.

"Soma vizuri, Mama Kulwa," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasoma tena. Akawageukia, akawaambia ana ugonjwa wa sukari, anameza dawa, zamani alikuwa themanini na nane, na siku aliyovaa kaiti ya kilo ambazo hana alivunjika. Kisha akashuka na kusema anayefuata apande. Yule ambaye si samaki alikuwa wa kwanza. Nimefanya kazi na watu hodari majini, wengine wanaruka juu hadi unafumba macho, lakini sijaona mtu akifanya jambo gumu kama lile la kuvua shati.

Alasiri hiyo alijaribu ile kaiti mpya ya mita tisa. Upepo ulikuwa uleule wa kumi na sita. Nilimtazama kutoka mlangoni, mpaka nilipomwona anageuka, kaiti inamfuata kichwani kwa utulivu, na yeye amekaa ndani ya mkanda wake kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Alikaa majini nusu saa. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake, akaniambia niandike: INASIKILIZA. Bwana Rashidi aliagiza zaidi wiki ileile.

Watu walipoondoka tulibaki wawili tunaikunja. Mnajua kazi ile, mmoja anakunja kutoka ncha ya kulia, mwingine ya kushoto, mnatoa upepo polepole na kukutana katikati. Nikaona nikikaa kimya tena nitakuwa sijajifunza kitu. Nikamwambia kwamba siku ile nilijua. Nilimpunguzia mkanda mara tatu na nilijua kila mara, na kumi na mbili niliiandika nikiwa najua.

Hakushtuka. Aliendelea kukunja kidogo, halafu akaacha.

"Ule mkanda una kamba za kukaza, Mama Kulwa. Hata mtoto wa darasa la pili angeukaza."

"Niliziona."

"Sasa ulidhani nakuletea wa nini?" Alisema bila ukali wowote. "Mke wangu nilikuwa namwona Jumapili, nimevaa koti. Daktari nilikuwa namwogopa. Nikasema huyu fundi ana macho, ataniuliza. Nikaleta mara ya kwanza. Nikaleta ya pili. Siku ile ya majaribio niliposimama pale na mpini, nilikuwa nasema moyoni, sasa ataniuliza."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, huku ameishika kaiti isifunguke upande wangu. Nikatazama bega lake lililounga likiwa limeinuka kidogo kuliko lingine. Miezi yote ile watu walikuwa wamempa pole, wamemwombea, wamempa majani ya kuchemsha, wamemwambia asile ugali. Nikawaza nani kati yetu amemwuliza kitu chochote. Nikapangusa uso kwa kitenge.

"Mwalimu," nikasema, "unaogopa?"

"Naogopa sana, dada yangu," akasema. Akakaa chini mchangani, akanitengea nafasi kando yake, na akaanza kunieleza, tangu ile asubuhi ya kwanza alipoona suruali inamteremka.